Historia ya Kisiwa cha Mabruda

Asubuhi vita ilipoingia kwetu Itiryo, mimi nilikuwa nimenuna. Rafiki yangu Robhi alikuwa amemleta mtu kwenye jiwe letu.

Jiwe lile lilikuwa katikati ya kijito kinachotenga mashamba ya ukoo wetu na ya ukoo wao. Masika maji yalilizunguka pande zote, na sisi wawili tulikaa juu yake kufukuza ndege kwenye mtama, yeye upande wa kwao, mimi upande wa kwetu. Wakubwa waligombania ng'ombe na mipaka. Sisi tulikuwa na nchi yetu.

Nchi hiyo ilitawaliwa na mabruda. Pale misheni tulimwona bruda mmoja mwenye kanzu, akisali kwa sauti nzito, kisha akichukua bunduki kwenda kufukuza nyani kwenye mahindi. Tukaamini kwamba bruda ni cheo cha jeshi, na kwamba kazi ya mabruda wote duniani ni kusali asubuhi na kupigana mchana. Hakuna mtu mzima aliyetusahihisha, kwa sababu hatukumwambia mtu.

Robhi ndiye aliyejua kuitunga historia. Mabruda wa kwanza walifika kisiwani wakati wa njaa, wakiwa wamevaa magunia, wakamfukuza kiboko aliyekuwa mfalme. Walikuja wengine waliopigana na mamba, wengine wakagombana wao kwa wao juu ya nani asali kwanza. Sheria zilikuwa mbili tu: vita ikija, kila raia arudi jiweni, na mwenye gunia hapigwi mshale. Gunia letu la katani, lililotobolewa pa kutoa kichwa, lilikaa kwa Robhi. Mimi nilitunza majina. Jina la bruda wa kwanza tulilijua wawili tu.

Sasa alikuwa amekuja Matinde, binamu yake wa Nyamongo, na viatu vyake vya plastiki vyekundu na maneno mengi ya mjini. Alikuwa amekaa mahali pangu.

"Huyu hajui hata bruda wa kwanza aliitwa nani," nilisema.

"Nitamfundisha," Robhi akajibu, akacheka. "Leo nawaambia kisiwa kiliishaje. Kaa basi, Wankuru."

Niliona wivu. Miezi yote ile nilikuwa nikimwomba anisimulie mwisho, naye ananizungusha, leo kwa ajili ya viatu vyekundu mwisho umepatikana! Nikaondoka. Nilivuka maji bila kugeuka, nikaenda nyumbani kumenya mihogo na mama.

Bakuli halijajaa tukasikia yowe.

Kwetu yowe la wizi wa ng'ombe lilikuwa jambo la kawaida. Wanaume hukimbia, wanawake huendelea na kazi. Lakini hili halikukoma. Lilijibiwa ng'ambo, likajibiwa tena huku, na mama akaacha kisu chini.

Kaka zangu walipita na pinde na podo bila kututazama.

Moshi ulianza upande wao. Muda si mrefu ukatoka na upande wetu.

Mama alimfunga mdogo wangu mgongoni, akaniambia nishike nguo yake. Niliishika mpaka kwenye mashamba. Hapo nikaiachia, nikakimbilia jiweni.

Sheria ni sheria. Na zaidi ya sheria, nilitaka nimkute Robhi peke yake.

Jiwe lilikuwa tupu.

Nililala kwenye shimo dogo lililokuwa katikati yake, uso chini. Mishale ilipita juu. Ukimsikia ndege akikatiza mtamani, ni kama vile, ila mshale haurudi.

Wanaume walishuka kwenye matete. Sikujua ni wa nani. Wote walikuwa wakihema sawasawa.

"Mura, lile gunia umelipata?" mmoja alimuuliza kijana mwenzake.

"Nimelipata."

Nikafikiri wanazungumzia mali iliyoibwa.

Nilingoja mpaka polisi walipofika na kelele zikapoa. Robhi hakuja. Nilisema moyoni: amebaki na Matinde, wamejificha wawili, wanasimuliana mwisho. Nilikuwa na hasira kuliko hofu, na huo ndio ukweli wa siku ile kwa upande wangu.

Nyumba yetu iliungua. Kaka yangu mkubwa alirudi bila jicho moja. Mama alinipeleka kwa mjomba huko Ikoma, na huko ndiko nilikoambiwa kwamba Robhi alikufa kijitoni kwa mshale. Kwetu walisema ni mshale wa kwao. Wao walisema ni wetu. Nililia sana, na nikiwa bado nalia niliuliza kama Matinde alikuwa naye. Wakasema alikuwa naye hadi dakika za mwisho.

Nimeishi na jibu hilo. Leo nafua mashuka kwenye hoteli ya watalii karibu na geti la hifadhi, nina mume na watoto, na bado nilikuwa nikimwonea wivu mwanamke ambaye sikumjua hata sura yake ya utu uzima. Yeye alikuwa na mwisho wa kisiwa. Mimi nilibaki na mwanzo.

Mwaka huu nikaenda kuudai mwisho huo. Bodaboda wa Nyamongo alinifikisha mlangoni. Matinde anawapikia wachimbaji ugali. Amenenepa. Alinitambua kabla sijasema kitu.

"Wankuru," alisema. "Karibu, dada. Kaa."

Sikukaa. "Alikuambia kiliishaje?"

Alifunika sufuria, akajifuta mikono.

"Hakuniambia kitu. Ulipoondoka akarudi kufukuza ndege. Yowe lilipopigwa tulijificha kwenye mihogo, nikamwomba asimulie ili nisiogope. Akasema, 'Tumngoje Wankuru.' Nilikuchukia, usinione hivi. Mara akasema sheria inataka uwe jiweni, lazima utakuwa huko peke yako. Akavaa gunia. Nikamwambia, watu watakuona! Akasema mwenye gunia hapigwi mshale."

Nikakaa.

Matinde aliniwekea chai, nami sikuigusa. Wachimbaji waliingia, wakala, wakatoka na viatu vyao vya matope. Hakuna aliyejua mwisho wa kisiwa, wala atakayejua. Nilikuwa nimekuja kumnyang'anya huyu mwanamke kitu ambacho hakuwahi kupewa.

Nilipoinuka kuondoka alinishika mkono.

"Angalau niambie yule bruda wa kwanza," alisema. "Aliitwa nani?"

Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na mkono wake ulikuwa wa moto kutoka jikoni. Nikamwambia nimesahau.

Sijasahau.