Mkono wa Balagizi Ulivyohamia Shavuni

Tangu mashine ya kusaga mahindi ilipomkata mkono wa kulia, hakuna mtu katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, aliyemgusa Balagizi kumsalimia. Si kwamba watu ni wabaya. Wakimkaribia hawajui washike wapi, basi wanapunga kwa mbali kana kwamba wanafukuza kuku. Ibada ikiisha, wenzake wa Bukavu, Kongo, hugonganisha vichwa upande huu na ule, shavu kwa shavu, wakicheka. Yeye wanamzunguka. Mkewe Nadège na watoto wameshahamishiwa Kanada, faili lake likabaki nyuma, kwa hiyo hata nyumbani hakuna wa kumgusa.

Asubuhi moja akinyoa ndevu, wembe ulipita shavuni akausikia kwenye vidole ambavyo havipo. Akajua amelogwa. Ila kabla ya kutafuta mganga, akaenda Lilongwe, kwa mtaalamu wa viungo aliyewahi kufanya kazi kambini na kujifunza Kiswahili huko. Yule dada alimpitishia pamba shavu la kulia.

“Unasikia wapi?”

“Kwa shavu. Na kwa kidole gumba, dada.”

Akamweleza kwamba kwenye ubongo kila kiungo kina kiwanja chake, na mkono unapakana na uso. Mkono ukiacha kuleta habari, pengine uso huvuka mpaka. Balagizi alielewa haraka. Kambini familia ikihama tu, jirani ameshaanika nguo zake uani kwao.

“Kwa hiyo mutu akinigusa huku, ndio ananishika mukono?”

“Kwako wewe, ni kama hivyo.”

Alirudi na furaha ya ajabu. Jioni nzima alijipapasa shavu kwa mkono wa kushoto, na kweli vidole vilishikwa, ila alijua aliyevishika ni nani. Ilimuuma kuliko mwanzo.

Jumapili alisimama mlangoni mwa kanisa, uso mbele. Wakapunga, wakapita. Bisimwa, fundi cherehani mwenzake tangu Bukavu, naye akainua mkono.

“Bisimwa, unisalimie ya kwetu.”

“Niliogopa nitakuumiza, ndugu yangu.”

Wakagonganisha kushoto, kisha kulia. Shavu la Bisimwa lilipotua, vidole vyote vitano vikafumbatwa kwa joto. Balagizi akaganda hapo hapo, machozi yakimtiririka.

“Balagizi, batu banatuangalia.”

“Baangalie tu. Usiniachilie mukono kwanza.”

Bisimwa hakuelewa, lakini hakuondoa shavu.