Mashine ya Kumnyanyua Mama

Wazo la kununua mashine ya mazoezi lilinijia nikiwa nimekaa sakafuni, miguu ya mama imelala juu ya yangu, wote wawili tukisubiri mtu apite. Nilikuwa namtoa kitandani kumweka kwenye kiti cha magurudumu, kama muuguzi alivyonifundisha: magoti yangu yabane magoti yake, mikono ipite kwapani, nihesabu, kisha ninyanyue. Kuhesabu nilihesabu vizuri. Kunyanyua ndiko kulikonishinda. Tulishuka taratibu, kwa heshima kabisa, tukaishia kwenye mkeka, na mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, halafu akaung'ang'ania mkono wangu, nikajua anaogopa. Mimi niliogopa kuliko yeye.

Wakati ule mama alikuwa mwanamke mkubwa, mrefu, mwenye mabega mapana. Enzi zake alibeba mbaazi kutoka shambani Sigino mpaka barabarani, mimi nikimfuata nyuma na dumu la maji na kulalamika njia nzima. Umbo lake sikulirithi. Nimemfuata baba, mwembamba, mikono ya kushika kalamu. Nyonga ya mama ilivunjika alipoteleza uani, na hospitali walisema kwa umri wake na kwa moyo wake, kumpasua ni hatari kuliko kumwacha. Tulirudi nyumbani na dawa za maumivu na onyo moja: asilale tu. Akilala tu, daktari alisema, mgongo utaota vidonda, kisha kifua kitajaa, na hapo tusije kulaumiana.

Kwa hiyo nilielewa. Nikiweza kumnyanyua, mama anaishi. Nisipoweza, atakufa polepole kwenye godoro nikiwa nimesimama pembeni yake.

Watu huniuliza kwa nini sikutafuta mtu mwenye nguvu zake. Kana kwamba sikuwaza! Kaka yangu anakaa Dodoma, ana kifua kipana, angemnyanyua huku anaongea na simu. Alikuja, akainama kitandani, mama akamwekea mkono kifuani.

"Wewe ni mwanaume," alimwambia. "Mimi nimekuzaa. Hutaniona nilivyo."

Hakuna aliyebishana naye. Dada wa kazi alivumilia wiki chache, mgongo ukamuuma, akaaga vizuri na hatumlaumu. Jirani anayeuza maandazi ndiye aliyetuokota sakafuni siku ile, lakini naye ana magoti yake ya kuuguza. Nikabaki mimi.

Nina duka la vipuri vya pikipiki karibu na stendi. Kutwa nauza minyororo, waya za klachi, bearingi na taa za nyuma. Kazi hiyo imenifundisha kwamba kitu kikigoma, tafuta kilicholegea, toa, weka kipya. Nilipotazama nyumba yetu niliona kilicholegea ni mikono yangu. Sikuona kingine.

Nilianzia jimu ya hapa mjini. Nilikuta vijana, muziki, na kioo ukuta mzima. Mmoja akanisogelea kwa adabu, "Shikamoo mama, unamtafuta nani?" Nikamwambia simtafuti mtu, natafuta nguvu. Hawakunicheka, tena walinipa chuma kidogo na kunielekeza namna ya kusimama. Lakini kila wimbo ulipokwisha nilimuona mama peke yake ndani, kikombe kimemdondoka, anaita. Niliondoka hata jasho halijanitoka. Ndipo nikaamua mashine itufuate nyumbani, na iwe moja yenye kila kitu, maana nyumba yetu ya Bonga ina sebule moja na vyumba viwili, si uwanja.

Tulichagua pamoja, mama na mimi, jioni baada ya chakula, kichwa chake kwenye bega langu na simu mbele yetu. Nilikuwa nimepata muuzaji wa Arusha ambaye hachoki kutuma picha. Kwanza ilikuja benchi na chuma kirefu cha kulala chini yake na kusukuma juu. Mama akauliza, kikikushinda kikakulalia shingoni, nani atakitoa? Nikaiondoa. Ikaja ya mipira ya kuvuta, nyepesi, unaikunja na kuiweka chini ya kitanda. Mimi niliipenda kwa sababu haikuhitaji nafasi.

"Mpira unalegea," mama alisema. "Nimefungia mizigo kwa mipira maisha yangu yote."

Ikaja ya tatu. Hii ilikuwa na nguzo ndefu, kiti chenye mgongo, mikono ya kusukuma kwa kifua, mti wa chuma wa kuvuta kutoka juu, kamba ya kuvuta kutoka chini, sehemu ya miguu, na nyuma vyuma bapa vimepangana kama matofali. Unachomeka pini kwenye chuma unachotaka, na vyote vya juu yake vinapanda pamoja. Kwenye picha alikaa msichana mwenye mikono ya kutisha, anacheka.

"Huyu anakula nini?" mama aliuliza. Kisha akasema, "Chukua hii. Angalau ina kiti. Na ungetaka nguvu za bure, jembe lipo na shamba lipo."

"Shamba la Sigino nikienda, wewe unabaki na nani?"

"Basi chukua hiyo ya kiti."

Nikampigia muuzaji, simu nikaiacha kwa sauti ya juu ili mama naye asikie. Kijana alikuwa na maneno matamu. "Dada, kwanza niambie malengo. Unataka kukata tumbo, kujaza hipsi, au afya tu kwa ujumla?"

"Nataka kumnyanyua mama yangu."

Nilifikiri mtandao umekata. Aliporudi, sauti ilikuwa nyingine, ya mtu mwenye mama. "Mama ana kilo ngapi?"

Sikujua. Tangu avunjike hakuna aliyempima, kwa sababu mizani ni ya kusimama na mama hasimami. Nikamgeukia. Akafikiri kidogo, kwa uzito wa mtu anayepanga bei sokoni.

"Mwambie gunia la mahindi, toa debe moja."

Kijana akacheka mpaka mama naye akacheka. Akasema basi tuchukue hiyo kubwa, vyuma vyake havitatuishia. Nilimhoji kuhusu unene wa kamba, nikamuuliza kapi zinazopitisha kamba ni za chuma au plastiki, na nati za saizi gani, ili zikipotea nizipate dukani kwangu. Nilichagua kama ninavyochagua kila kitu, kwa kuangalia kitakachoharibika kwanza. Kaka alichangia, nikamalizia.

Ilikuja na lori ikiwa vipande, na fundi aliyeiunga alibakiwa na nati mbili mkononi akasema za ziada. Nilimwambia mimi nauza nati, hakuna nati ya ziada duniani. Alifungua, akafunga upya. Kochi kubwa lilihamia barazani, na pale lilipokuwa limekaa miaka yote ikasimama mashine, kichwa karibu kigonge dari. Mama akataka kitanda chake kigeuzwe ili mlango ukiwa wazi anione.

Wageni waliokuja kumjulia hali hawakujua wakae wapi. Mmoja alikaa kwenye kiti cha mashine na kutundika mtandio wake kwenye mkono wa kusukumia. Akina mama wa jumuiya walisali, wakaimba, wakala chapati, kisha wakanigeukia. Kwa umri huu, misuli ya nini? Ulipaswa kutafuta mume, mume ndiye mwenye nguvu. Nikawauliza huyo mume, mama mkwe wake angekubali amshike wapi. Walicheka mpaka mmoja akafuta machozi, na hawakulirudia tena.

Nilianza. Pini ilikaa kwenye chuma cha tatu na kugoma hapo. Chuma cha nne nilikivuta nikakiacha, nikakivuta nikakiacha, hakikutikisika. Mama alinisimamia kutoka kitandani.

"Vuta! Hapo unavuta au unakamua mbuzi?"

Alikuwa akihesabu kwa Kigorowa, lugha yetu, kwa sauti, na nikichoka kabla ya hesabu yake alianza upya kama mwalimu mkali. Baada ya hapo nilimpelekea uji, na akinywa vijiko vichache anasema ameshiba. Mbaazi alizozipenda maisha yake yote alizichezea kwa kijiko. Mimi mazoezi yalinipa njaa, kwa hiyo nilimaliza vya kwangu na vya kwake. Nilikuwa na furaha jioni zile. Ndiyo, furaha. Nilijua nafanya kitu, na mtu anayefanya kitu hulala vizuri.

Kumnyanyua kuliendelea kuwa vita. Kila asubuhi mgongo wangu ulilia, kila asubuhi nilifika ukingoni mwa kushindwa, halafu tukafika kwenye kiti. Lakini tulifika, na mgongo wa mama ulikuwa mzima. Muuguzi alipokuja kumwangalia alinisifu, nikamuonyesha mashine kwa majivuno ya kijinga.

Halafu asubuhi moja ya baridi, ukungu umekaa mlimani Kwaraa na haujaamua kuondoka, nilibana magoti yangu kwenye magoti yake, nikapitisha mikono, nikahesabu, nikanyanyua. Akaja. Alikuja juu kwa wepesi hata nikayumba, maana nilikuwa nimejiandaa kwa mzigo mwingine. Nilimgeuza, nikamkalisha, hakuna aliyetweta. Tulitazamana.

"Umeona?" nilimwambia.

"Nimeona! Mwanangu, umekuwa chuma!"

Nilimsukuma hadi barazani palipoanza kupata jua, nikamfunika blanketi, nikarudi ndani karibu kwa kukimbia. Nilikuwa nacheka peke yangu. Nilichomeka pini kwenye chuma cha nne, nikakaa, nikavuta.

Hakikutikisika.

Nilishuka, nikakagua pini, nikapanda, nikavuta tena kwa mwili mzima. Hakuna kitu. Nikarudisha cha tatu. Kilipanda kwa kutetemeka kulekule kwa siku ya kwanza. Nilikaa pale mikono imeshika mti, na kupitia mlango uliokuwa wazi nikamuona mama kwa nyuma. Shingo ilikuwa imezama katikati ya mifupa miwili ambayo sikuwahi kujua kama anayo. Gauni nililoshindana nalo kumvisha alipotoka hospitali lilikuwa limemlegea, bega moja liko nje, na yeye hana habari, anawapungia watoto wa shule wanaopita.

Sikuwa nimepata nguvu yoyote. Mama alikuwa anaisha, na mimi nilikuwa namshika kila siku, mikono yangu hii hii, nisijue.

Tulirudi hospitali. Daktari alimpapasa tumbo kwa muda mrefu, akabonyeza mahali pamoja mara kadhaa, akamwambia mama anaendelea vizuri. Mimi aliniita koridoni. Akasema nimpe anachotaka kula, kama anataka, na nisimsumbue kwa safari za huku na huku. Nilimuuliza kuhusu mazoezi ya miguu, kuhusu maziwa, kuhusu hospitali kubwa. Alinijibu yote kwa upole, na katika majibu yake yote hapakuwa na kitu cha kushika. Nilitamani anikaripie.

Sasa namnyanyua wakati wowote anaotaka. Asubuhi barazani, mchana uani awaone kuku, jioni barazani tena. Vidonda hana. Kile nilichotaka mashine inipe, nimekipata chote. Kaka alipopiga simu kuuliza kama hela zetu zilikwenda mahali pazuri, nilimwambia mama namnyanyua bila shida siku hizi. Alifurahi sana, akasema Mungu ni mwema, nikakata simu nikaenda kulia chooni kama mtoto.

Mama ananitangaza. Akija mgeni, hata salamu hazijaisha, anasema, "Mwonyeshe," nami namtoa kwenye kiti namrudisha kitandani mbele ya watu. "Mnaona? Ana nguvu kushinda kaka yake." Wageni wanamtazama yeye, si mimi. Wanasema tunaona, mama, tunaona, halafu wanainamia vikombe vyao vya chai.

Na kila jioni bado nakaa kwenye mashine. Hanihesabii tena, sauti yake haifiki mbali, lakini macho anayafungua akisikia vyuma vinagongana, na siku nisipovuta anauliza nina nini. Kwa hiyo navuta. Siku nyingine naweka pini kwenye chuma cha kwanza, maana moyo hauna hamu, na kwake mlio ni ule ule.

Juzi aliniita katikati ya mazoezi. Nikaenda nikakaa kitandani. Akanishika mkono hapa juu, akaubonyeza kwa vidole vyake kama anachagua nyanya.

"Cha nne umekiweza?"

"Nimekiweza, mama."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akafumba macho. Nilidhani amelala, nikaanza kunyanyuka taratibu.

"Vizuri," alisema. "Nilikuwa na wasiwasi. Nikinenepa tena, utaniweza."

"Nitakuweza," nikamwambia. "Nenepa tu, mama."