Shikamoo Niliyoitumia Handeni

Mnisamehe mwandiko. Herufi zangu zinalala upande kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na pengine kuna maneno nimeyakosea, maana niliishia darasa la saba na tangu hapo kalamu nimeishika mara chache. Naandika polepole. Kuongea mbele za watu ndiyo nashindwa kabisa, na ndiyo maana majirani wa Kilole walicheka waliposikia nimeingia kwenye kikundi cha maigizo.

Mwanzoni nilikuwa nabeba viti na kufunga mapazia. Kisha kijana aliyepangiwa nafasi ya mtoto wa mzee akaenda Dar es Salaam kutafuta kazi, na kiongozi wetu, mama mmoja aliyekulia kambi za mkonge, akanitazama mimi. Huyo mtoto wa kwenye mchezo ndiyo kwanza amebalehe na akili imemvurugika. Ameacha shule, hali chakula nyumbani, hasemi na mtu, na mchezo unapoanza anampita baba yake bila kumwamkia. Mwisho anarudi, anapiga goti, anasema shikamoo, na baba anaitikia. Katikati maneno yake ni machache. Mama kiongozi alisema mtu mwenye aibu atafaa.

Sikufaa. Aliyeigiza baba ni mzee kweli, mwenye mvi, na kila nilipompita mdomo wangu ulisema shikamoo wenyewe. Tukianza upya, shikamoo tena. Mwenzetu mmoja, Mzigua wa Handeni anayependa kututania sisi Wasambaa, akasema, "Hawa watu wa milimani wanaamkia mpaka migomba." Mzee naye akacheka, akaniitikia marahaba, tukaharibu tena.

Basi mama kiongozi akanipa kazi ya kujizoeza. Nitembee mjini Korogwe nisimwamkie mtu mzima yeyote, mpaka mdomo unyamaze, na yeye atanifuata nyuma. Niliona aibu kukubali, nikaona aibu zaidi kukataa. Nikapita sokoni nikitazama chini. Mama muuza dagaa aliyenizoea akauliza kama naumwa.

Karibu na stendi alikuwepo bibi yangu. Ndiye aliyenilea kule Vugiri, mlimani, baada ya mama kufariki. Alikuwa ameshuka na kapu la maparachichi, amelitua miguuni. Aliniona kabla sijamwona. Uso ulishafunguka, mdomo ulishakaa tayari kuitikia. Nikajiambia nitapita tu, nikifika kwenye kona nitarudi nimweleze. Miguu ikaenda. Nyuma yangu nikamsikia mama kiongozi akisema taratibu, "Hapo hapo. Umempata." Alimaanisha yule mtoto wa kwenye mchezo. Niliporudi, kapu halikuwepo. Gari la Vugiri lilikuwa limeshaondoka.

Siku chache baadaye tukacheza Handeni, kwenye uwanja wa shule. Nilimpita mzee kimya, watu wakaguna. Mwanamke aliyekaa mbele akasema, "Huyu mtoto ana nini jamani?" Nilitamani kumjibu. Mwishoni nilipopiga goti sikumwona mzee, nilimwona bibi na kapu lake. Sauti ikakatika kwenye shikamoo, machozi yakatoka. Watu walilia. Mama kiongozi akaniambia nifanye hivyo hivyo kila tutakapokwenda.

Ndipo nikapanda Vugiri. Bibi alikuwa amekaa mlangoni, anachambua maharage kwenye ungo. Nikapiga goti.

"Shikamoo bibi," nikasema, na sauti ikakatika palepale, na machozi yakaja.

Hakuitikia. Mikono yake iliendelea na maharage. Jirani yake ana binti aliyeolewa Handeni, na huyo binti alishamsimulia bibi mchezo wote kwa simu.

"Hiyo umeshaifanya Handeni," bibi akasema. "Nimeambiwa. Hata sauti ilikatikia hapo hapo."

Nikamweleza habari ya stendi na ya kujizoeza. Maneno yalinipotea, nikawa narudia yale yale. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo pale stendi ulikuwa unaigiza."

"Ndiyo, bibi."

"Na sasa?"

Nikasema sasa siigizi. Nililisikia mwenyewe neno hilo lilivyotoka, taratibu, kama nilivyofundishwa. Bibi akainuka akanipa chai kwenye kikombe cha maua, kile cha wageni. Kikombe changu cha bati kilikuwa kinaning'inia kwenye msumari ukutani, nikakitazama nikinywa.

"Ukimaliza kuigiza utaniambia," akasema.

Lakini mchezo haujaisha. Sasa tunajiandaa kwenda Mpale, na mama kiongozi anasema bila mimi hauendi. Kila tunapocheza natoa ile ile shikamoo, maana nyingine sina. Nikapiga simu kwa jirani yake, akampa bibi, nikamwamkia bila machozi, kwa sauti kavu. Akasema salama, kama anayemjibu mpita njia.

Wewe unayesoma, kama kuna mzee wako aliyewahi kukunyima marahaba, niandikie uniambie ulimwamkiaje mpaka akaitikia. Andika herufi kubwa kubwa tafadhali. Hata kusoma nasoma polepole.