Kikapu cha mama mapokezini

Leo mama ameniaibisha hotelini, na bado nimekaa hapa kwa nyasi nikitabasamu peke yangu.

Si nilimtoa mama kwetu Bumula nimlete hii hoteli ya mashambani, nje tu ya Kitale, apumzike kidogo. Tangu tumzike baba hajawahi kulala nje ya boma.

Tumefika ukungu bado umelalia bustani. Unasikia ndege lakini huwaoni.

Mimi najaza fomu, mama anafungua kikapu. Anapanga viazi vitamu juu ya kaunta, vimeoshwa vizuri.

"Mtu haendi kwa watu mikono mitupu," anamwambia dada wa mapokezi.

Nikamnong'oneza, "Mama, hapa ni hoteli. Tumelipa."

"Kwani kulipa kunakataza salamu?"

Kuna watu wamekuja semina, wamepanga foleni nyuma yetu, wote wanatuangalia. Nilitaka ardhi inimeze. Najua wengine wenu mko na mama kama huyu, semeni ukweli.

Dada akavipokea kwa mikono miwili, akavirudisha kikapuni, akapeleka jikoni.

Saa kumi tukaletewa chai bustanini. Jua limelegea, Mlima Elgon umejitokeza wote. Viazi vyetu hivyo kwa sahani, vinatoa mvuke, na wale wa semina wanaviulizia.

Halafu mpishi mwenyewe akaja na kikapu cha mama. Ndani ameweka miche ya maua ya hii bustani, mizizi imefungwa na udongo wake.

"Hata kwetu kikapu hakirudi kitupu, mama."

Mama ameishika hiyo miche muda mrefu sana.

"Hii," akasema polepole, "nitampandia baba yako."