Rangi ya Nyumba ya Mzee Kiamin

Miaka kumi na miwili Lamara alikaa kwa mumewe, na baba mkwe wake hakuwahi kuisikia sauti yake. Ndiyo desturi yetu Waabkhazi: mkamwana hafungui kinywa mbele ya baba wa mumewe mpaka mzee mwenyewe amruhusu, na mbuzi achinjwe. Wengine huruhusiwa baada ya mwaka. Mzee Kiamin hakuwa na haraka. Lamara kazaliwa ng'ambo ya mto, kwa Wamegreli, na mzee alihofu kwamba siku atakapofungua kinywa kitamwagika Kimegreli kitupu, majirani wapate la kusema. Bora anyamaze.

Lamara naye alichotaka ni kidogo tu: kumwambia mzee "chakula tayari" kama mtu, badala ya kugonga sufuria kwa mwiko. Hata paka wa nyumba ile alikuwa na uhuru kumshinda.

Ndipo akaja Batal, kijana wa mjini Sukhumi, na ramani ya lugha za bonde lote. Nyumba ya Kiabkhazi aliipaka nyekundu, ya Kimegreli kijani, ya Kiarmenia manjano. Kwa jirani Razhden alipaka nusu kwa nusu, na mzee Kiamin akacheka mpaka akapaliwa.

"Nyumba gani hiyo? Tikiti maji!"

Zamu yake ilipofika, alimkalisha mgeni mezani, akammiminia mvinyo. "Paka nyekundu, kijana, tule."

"Nitapaka, mzee. Ila lazima nimsikie kila mtu kwa masikio yangu. Huyu mama anayetuandalia je?"

"Huyo hasemi."

"Ni bubu?"

"Bubu wewe! Ana adabu zake."

"Basi nyumba nitaiacha nyeupe."

"Nyeupe! Yaani kwangu ni gofu?"

Mzee aliona heri lawama kuliko fedheha. Mbuzi akachinjwa. Nyama ilipoiva alisimama, bilauri mkononi, akasema, "Mkamwana wangu, kuanzia leo sema." Kisha akafumba macho kama mtu anayesubiri kofi.

Lamara akasema kwa Kiabkhazi kilichonyooka kuliko hata cha mumewe Jota: "Mgeni, karibu kwetu. Nawe Baba, Mungu akuzidishie umri. Mimi ni mtoto wa nyumba hii."

Masikini mzee! Machozi yalimtoka. Akainua mikono, akamshukuru Mungu kwa sauti, dua ndefu, yote kwa Kimegreli. Ndiyo lugha ya marehemu mama yake, aliyoificha maisha yake yote. Jota akainamia sahani. Penseli nyekundu ikasimama hewani.

"Mzee," Batal akasema taratibu, "hicho si Kimegreli?"

Kiamin akafungua kinywa, kisitoke kitu. Haya, bubu ni nani sasa?

"Baba ananikaribisha kwa lugha ya kwetu," Lamara akadakia. "Kwani huko mjini mtu akifunguliwa kinywa hamumpi hata heshima hiyo? Paka rangi yako, kaka, ugali unapoa."

Batal akaipaka nyumba yote nyekundu, akala, akashukuru, akaenda zake.

Mzee alimsindikiza hadi getini, akarudi akakaa, asijue pa kutazama. Hatimaye akauliza kwa Kimegreli, "Tangu lini unajua?"

"Tangu wiki niliyoletwa," Lamara akamjibu kwa lugha hiyo hiyo. "Nilijificha nyuma ya zizi, nalia nataka kwetu. Nikakusikia unamtukana ng'ombe, matusi yale yale ya marehemu babangu. Nikafuta machozi."

"Miaka kumi na miwili, mwanangu! Na kijiji kizima hakijui?"

"Baba, nilikatazwa kusema. Sikukatazwa kusikia."