Mke Mwenza wa Mwambani

Kumwonea wivu mwanamke mwenzako, sawa, hilo linaeleweka. Lakini chui? Fundi cherehani wetu alimwonea wivu chui, tena chui jike mwenye watoto wawili, na wala hakuona haya kusema.

Mumewe alikuwa dereva wa kupeleka watalii mbugani. Kila jioni alirudi na habari za huyo mnyama. Leo kalala juu ya mwamba. Leo kanyonyesha. Leo tumemngoja asubuhi nzima, injini tumezima, hakuna kukohoa, mpaka akatoka mwenyewe kwa raha zake. Mkewe, aliyekuwa akishona vitambaa vya viti vya gari hilohilo, alikanyaga cherehani kwa hasira mpaka uzi ukakatika. Asubuhi nzima! Yeye akichelewa kufunga kiatu tu, mume yuko nje anapiga honi, pii, pii, pii, mtaa mzima ujue. Hata siku ya harusi alitolewa ndani kwa honi.

"Mke mwenzio hajambo?" wifi yake alimtania.

"Ale maisha," alijibu. "Yeye anangojwa, mimi napigiwa honi."

Basi siku moja gari hilo likaharibika; lilipotoka gereji, tajiri mwenye gari akamruhusu dereva kulijaribu mbugani bila watalii. Mke akakata shauri: leo lazima nimwone huyo bibi. Akavaa gauni jipya, akajipulizia manukato, utadhani chui ataona aibu. Mume akasimamisha gari mbali kabisa na mwamba, akazima injini.

"Sogea basi nimwone uso."

"Sisogei. Tukimbana atawahamisha watoto, na wakiwa wadogo hivi, fisi hawamwachii hata mmoja."

"Husogei hata nikikuomba mimi mkeo?"

"Hata wewe, mama. Sema polepole."

Polepole! Sauti ile laini, ya kubembeleza, hakuwahi kuisikia nyumbani kwake. Akashika kitasa cha mlango. Angeufungua na kuubamiza mara moja tu, bibi huyo angetimka na wanawe, yakaisha.

Akamtupia mumewe jicho. Mume alikuwa ameweka mikono juu ya usukani, hana haraka, hana hili wala lile, anangoja. Na chui akatoka. Akajinyoosha, akamlamba mtoto sikio, akawaangalia kidogo wale watu wawili garini, akageuka zake. Hakuna aliyemharakisha. Loo, alikuwa mzuri, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Mke akaachia kitasa.

Kesho yake walialikwa kwa wifi. Honi ikalia. Fundi alikuwa tayari, kiatu kimefungwa, mkoba mkononi. Akaweka mkoba chini, akaketi kwenye cherehani. Honi ikalia tena, pii, pii, pii. Akatunga uzi sindanoni.

"We mama, umelala humo?" mume alipaza sauti.

Honi ya tatu ilikuwa ndefu mpaka jirani akatoka nje kutazama. Kisha ikakoma, na baada ya muda injini nayo ikazimwa.

Mke akachungulia pembeni ya pazia. Mume alikuwa ameweka mikono juu ya usukani, macho mlangoni. Akamwacha hapohapo. Akashona mshono mmoja mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno, ndipo akatoka, kwa raha zake.