Kukata Kichwa cha Mshubiri

Woga ulinishika asubuhi nilipogusa shina la mshubiri wa mama na kidole kikazama. Mvua ilikuwa imetupiga wiki nzima hapa Nchelenge, na upepo wa ziwani ulikuwa umeisukuma hadi chini ya paa, kwenye ndoo kuukuu tulimoupanda. Nilinusa kidole. Kilinuka uozo.

Huu si ule mshubiri wa kutibu vidonda. Majani yake ni membamba, yana madoa meupe, na hauzai vichipukizi ovyo. Upande huu wa Ziwa Mweru sijaona mwingine. Kijijini kwetu Kongo tuliupanda juu ya makaburi, kwa sababu haufi kiangazi. Mama aliung'oa kwenye kaburi la kaka yangu siku tuliyokimbia, akauvusha ziwa ndani ya kitenge. Siku hizi macho yake hayaoni. Kila asubuhi huupapasa jani moja moja, na hapo hataki kusemeshwa.

Nilijua dawa ni moja tu: kukata kichwa cha mmea kingali kizima, kabla uozo haujapanda, na kukipanda upya. Lakini mkono wangu niliuogopa. Mwaka uliopita mmea ulitoa kichipukizi kimoja, nami mkulima wa mihogo nikakifanyia kama muhogo: nikakata asubuhi, nikakizika mchana huohuo kwenye udongo mbichi, nikamwaga maji bila huruma. Baada ya wiki kilikuwa uji. Mama nilimwambia kimeliwa na mbuzi.

Safari hii hakukuwa na mbuzi wa kusingizia. Nikaketi karibu naye, ulimi mzito.

"Mama, ile mumea iko naoza. Nataka niikate kichwa."

Akanigeuzia uso. "Na ile kitoto yake, kweli ni mbuzi njo ilikula?"

"Hapana, mama. Ni mie njo niliua."

"Nilijua. Mbuzi hakulake ile kitu, iko buchungu. Kata. Mie nitakamata."

Akashika kichwa cha mmea kwa mikono miwili. Nilikata nikitokwa jasho, na kidonda kilikuwa na kahawia katikati. Nikakata tena juu zaidi. Kahawia. Mara ya tatu nikaona nyama safi, na kilichobaki mikononi mwa mama kilikuwa kidogo mno. Nikakilaza kivulini juu ya kichanja, bila udongo wala maji. Shina nililikwangua uozo, nikalipaka majivu.

Wiki tatu sikulala vizuri. Majani yalikunjamana. Mama aliomba akipe maji, nikamkatalia, na sikuwa nimewahi kumkatalia mama kitu. Kidonda kilipokauka kikawa kigumu, nikakisimika kwenye mchanga mkavu, nikajizuia kumwagilia. Mwezi ulipopita nilikivuta kidogo, kikagoma kutoka. Kilikuwa na mizizi. Shina la zamani nalo lilitoa jicho la kijani ubavuni. Nililia kwa kicheko.

Nikampeleka mama penye miche yote miwili. Akapapasa mmoja, kisha mwingine, polepole.

"Sasa ziko mbili," akasema. "Moja itarudia kwa kaburi ya kaka yako, siku njia itakuwa muzuri. Hii ingine ni ya kwangu, hapa."

"Acha, mama."

"Niache nini? Sasa unajua kuipanda."

Nilienda nyuma ya nyumba nikasimama. Kisha nikaanza kutafuta ndoo ya pili.